Maji ya Saa Kumi na Mbili

Kiwandani hakuna aliyemwita baba yangu kwa jina lake. Wakubwa walimwita Mzee, waliobaki walimwita Saa Kumi na Mbili, na yeye aliitikia yote mawili bila kinyongo. Jina la pili alilipata kwa haki. Kwa miaka ishirini na miwili, kila siku ya kazi, saa kumi na mbili kamili asubuhi, alifungua lango dogo la nyuma, akashuka ngazi tano za saruji mpaka pale bomba la maji machafu linapomwaga kijitoni, akakinga chupa moja ya kioo. Si saa kumi na mbili na dakika mbili. Walinzi walirekebisha saa zao kwa kumwona akipita.

Kiwanda chenyewe ni cha kutia rangi vitambaa. Majora huingia meupe yakatoka ya buluu, mekundu, zambarau. Maji yaliyotumika huteremka kwenye shimo la kutulizia, ambako tope la rangi linatakiwa kuzama, na yanayobaki juu ndiyo yanayokwenda kijitoni. Kazi ya baba ilikuwa kuyapima hayo ya mwisho. Alikuwa na kibanda chake, meza, kipimajoto, karatasi za kupimia ukali wa maji, na kadi yenye vivuli kumi vya rangi, kuanzia maji ya kunywa hadi wino. Alisimamisha chupa mbele ya kadi, akafumba jicho moja kama seremala anayekagua ubao, kisha akaandika namba kwenye daftari. Daftari moja kwa mwaka, na ndani yake hukuti neno lililofutwa. Akimaliza alifunga lango la nyuma, akapeleka ufunguo kwa mlinzi, akaenda ghala la mbele kugawa vipuri mpaka saa tisa alasiri.

Mimi ni karani wa takwimu kiwandani humohumo. Kwa miaka tisa nimechapa namba za baba kwenye ripoti ya kila mwezi. Kivuli cha pili, cha pili, cha kwanza, cha pili. Nilizichapa huku nikipiga miayo, nisifiche.

Nyumbani baba alikuwa mtihani. Alipima kila kitu. Mama akitia sukari kwenye chai, yeye anatazama kijiko. Kitanda kikisogezwa wakati wa kufagia, anajua kimesogea vidole vingapi. Mama alikuwa akituambia, "Baba yenu alioa chupa, mimi nilikuja kumwangalizia tu." Baba anacheka mpaka anakohoa, kisha anarudisha kitanda mahali pake.

Kitu kimoja tu cha mama alikisifia kwa kila mgeni. Nyumba yetu iko mtaa wa chini, na kijito kinapita nyuma yetu, mwendo wa nusu saa kutoka kiwandani. "Mke wangu huyu," alisema, "kabla ya saa nne nguo zake zote ziko kambani. Na amewafundisha wanawake wa mtaa mzima. Pita hapa saa tano, hukuti hata beseni. Hiyo ndiyo nidhamu." Mama alikuwa anasikiliza akikunja nguo, haongezi neno. Nilidhani ni haya ya kusifiwa.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu baba astaafu alipokuja mtathmini.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye buti za mpira na sauti ya upole. Alitumwa na mnunuzi mkubwa aliyekuwa tayari kuchukua vitambaa vyetu kwa miaka mitano, ila kwanza alitaka kujua vinatengenezwaje. Mtathmini alikuwa na fomu ndefu yenye safu tatu: mazingira, uchumi, jamii. Kiwanda kinaharibu nini na kinatunza nini. Kinaweza kusimama miaka mingapi ijayo. Na watu wake, wa ndani na wa jirani, wanaishije nacho. Mwisho wa yote anatoa daraja. Tukipata daraja la pili, mkataba ni wetu. Tukipata la tatu, hakuna mkataba, na meneja alikuwa ameshasema wazi kwamba bila mkataba huo nusu ya idara ya rangi itakwenda nyumbani.

Basi usiulize tulivyohangaika. Vyoo vilipakwa rangi usiku wa kuamkia siku yenyewe, na aliyeegemea ukuta asubuhi alitoka na kumbukumbu mgongoni. Meneja alitundika kitambaa kirefu kilichoandikwa "Kesho ni Yetu Sote," akakitundika juu ya mlango wa ghala ambao haujafungika tangu niajiriwe.

Mtathmini hakutazama kitambaa. Aliomba kumbukumbu za maji. Baba akampeleka kibandani, akafungua kabati, na daftari ishirini na mbili zikawa zimesimama mbele yake kwa mpangilio wa miaka. Mtathmini akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mzee, nimezunguka viwanda vingi," akasema. "Sijawahi kuona hili. Hakuna siku iliyorukwa?"

"Siku tatu," baba akajibu. "Nilimzika mama yangu. Nimeziandika."

Meneja nyuma yake alikuwa anatabasamu hadi jino la mwisho. Siku hiyo baba alirudi nyumbani akitembea kama bwana harusi. Alimweleza mama mara mbili jinsi miwani ilivyovuliwa. Kilichobaki, alisema, ni karatasi moja tu. Kila anayepima lazima atie sahihi kwamba sampuli zake zinaonyesha hali ya maji yanayotoka kiwandani kwa siku nzima. Hajawahi kuombwa sahihi maishani mwake, isipokuwa siku ya ndoa. Mama akasema, "Hongera, baba watoto," akaingia ndani kutafuta kitu ambacho hakukipata.

Kesho yake ilikuwa zamu ya safu ya jamii. Mtathmini alitaka kuongea na majirani wanaoishi kando ya kijito, meneja akaniambia nimsindikize. Ningeweza kumpeleka nyumba yoyote. Nilimpeleka kwetu, kwa sababu nilijua mama atamkaribisha vizuri na hatasema ovyo. Ndiyo akili yangu ilivyofanya kazi siku hiyo.

Mama alimpa kiti kizuri. Mtathmini akaanza na maswali yake ya fomu: vumbi, kelele, harufu. Mama akajibu hakuna, kidogo, hakuna. Kisha akafika kwenye swali ambalo lilikuwa limeandikwa kwa lugha ya ofisini mpaka nikaona aibu kulifafanua: je, shughuli za kiwanda zimebadilisha ratiba ya kila siku ya kaya?

"Hapana," mama akasema. "Sisi tumeshazoea. Tunafua asubuhi."

Mtathmini aliandika, akainua kichwa. "Kwa nini asubuhi, dada yangu?"

Mama akanitazama mimi. Hakunitazama kwa sekunde moja, alinitazama kwa muda ambao ulitosha kuniomba ruhusa, na mimi mjinga sikuelewa ninaombwa nini. Akamgeukia mgeni.

"Ikifika saa nne na nusu maji si ya nguo nyeupe tena. Yanatakata kidogo adhuhuri, halafu saa nane na nusu yanakuja mengine. Kuna siku ya buluu, kuna siku ya zambarau. Watoto wanajua hata rangi ya kesho, wakiona mapipa ya rangi yanayoshushwa langoni. Ila asubuhi maji ni mazuri, siwezi kusema uongo. Asubuhi unaona mchanga."

Mtathmini hakuandika. Aliniuliza mimi, kwa sauti ileile ya upole, "Baba yako huchukua sampuli saa ngapi?"

Jina lake lilikuwa jibu. Kiwanda kizima kilikuwa kimemwita jibu hilo kwa miaka ishirini na miwili, na mimi binti yake nilikuwa nimechapa namba zake mchana na kuvaa nguo zilizofuliwa alfajiri, bila kuuliza kwa nini. Kwa miaka tisa nilishika ncha mbili za uzi mmoja. Wenzangu huniona mwerevu.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Usiku matangi ya kutia rangi hayafanyi kazi. Kufikia saa kumi na mbili asubuhi shimo limetulia saa nane nzima, na juu yake kuna maji ambayo hata samaki angeyasifu. Matangi ya kwanza humwagwa saa nne, ya pili saa nane. Wakati huo lango la nyuma limefungwa, na baba yuko upande wa mbele akihesabu vipuri. Tukirudi nyumbani jioni rangi imeshapita, na siku za mapumziko matangi hayamwagwi. Shimo lenyewe, tuligundua baadaye, lilikuwa limejaa tope mpaka kiunoni; lilituliza maji ya usiku tu kwa sababu usiku hakuna kazi.

Nilimwambia baba jioni hiyo. Sikutaka ayasikie kwa meneja. Alikuwa amekaa barazani akikata kucha, akasikiliza hadi mwisho na kiwembe mkononi.

"Msimamizi wa zamani ndiye aliyenipangia saa," akasema. "Aliniambia, chukua kabla ya kelele, mkono usitetemeke. Nikaona ni busara."

"Labda kweli alikuwa na maana hiyo, baba."

"Labda. Amekufa. Siwezi kumuuliza." Kisha akageuza kichwa ndani ya nyumba, akapaza sauti ambayo sikuwahi kuisikia akiitumia kwa mama. "Na wewe! Miaka yote hii unaniona natoka na chupa, narudi na chupa, unajua, umenyamaza! Ungenitia kitanzi ingekuwa afadhali!"

Mama alitoka akikausha mikono. Nilitegemea mzaha, maana ndivyo anavyouzima moto wa baba siku zote. Safari hii hakutania.

"Unakumbuka mwaka ule wanawake wa huku chini walipokwenda langoni kulalamika?"

Baba alikumbuka. Sote tulikumbuka. Walikwenda kumi na moja, wakarudi kimya.

"Mimi sikwenda nao, kwa sababu yako. Walipofika waliletewa daftari. Wakasomewa. Kivuli cha kwanza, kivuli cha pili, kivuli cha kwanza. Wakaambiwa, aliyeandika haya hasemi uongo, anaishi kwenu, mwulizeni. Walirudi wakanijia hapahapa ulipokaa. Wakaniambia, daftari la mumeo linasema maji ni safi, mama, tufanye nini? Nikawaambia tufue asubuhi." Akavuta pumzi. "Ningesema nini, baba watoto? Kwamba mume wangu ni mwongo? Wewe si mwongo. Na hukuwahi kuniuliza. Ulinisifu tu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Baba aliweka kiwembe chini, akakiweka sawa na ukingo wa baraza kama kawaida yake, akaanza kulia. Sijui niandike vipi kulia kwake. Hakuwa na ufundi nako.

Asubuhi meneja alikuwa ameshazipata habari, akaniita mimi na baba ofisini. Nataka kumtendea haki meneja. Hakufoka wala hakutisha mtu. Alikuwa na mifuko chini ya macho na orodha ya idara ya rangi mezani, majina sitini na nne.

"Mzee," akasema, "huna kosa hata moja. Namba zako ni za kweli. Uliambiwa saa kumi na mbili, ukapima saa kumi na mbili. Mtathmini ana maneno ya mwanamke mmoja wa mtaani, na sisi tuna daftari ishirini na mbili. Saini tu. Baadaye tutachimba shimo jipya, nakuapia."

"Mwanamke huyo mmoja ni mke wangu," baba akasema.

"Najua, Mzee. Samahani."

"Na karatasi inasema siku nzima."

"Karatasi hizi ndivyo zinavyoandikwa."

Baba aliomba apewe mpaka saa tisa. Meneja akakubali, nadhani alifikiri mzee anataka kuzoea jambo. Mimi nilirudi mezani kwangu nisichape kitu. Nikiri: nilitaka asaini. Nilikuwa nawajua watu wengi kwenye majina yale sitini na nne, nilikula nao mchana, na mmoja wao alikuwa amejifungua mwezi uliopita. Nilijiambia shimo jipya litachimbwa, kwa nini kuchoma nyumba ili kuua panya? Nilikuwa na sababu nzuri nzuri, na zote zilikuwa za kuniokoa mimi nisimtazame mama usoni.

Saa nane kasoro dakika tano nilimwona baba dirishani akivuka ua. Alikuwa ameshika chupa. Mlinzi alimpa ufunguo huku akitazama saa yake, akaitikisa mkononi, akidhani imesimama.

Nilimfuata. Sikuwahi kushuka ngazi zile. Baba alisuuza chupa mara tatu, kama alivyofundishwa, akasimama mbele ya bomba na saa yake ya mkononi. Saa nane ikafika. Kwanza palitoka maji ya kijivu, kisha bomba likakoroma, kisha yakaja ya zambarau, ya moto, yenye povu, yakaenea kijitoni kutoka ukingo hadi ukingo. Baba alikinga. Mkono wake ulitetemeka sana, chupa ikagongagonga ukuta wa bomba. Akaifunga, akaipangusa kwa kitambaa chake cheupe cha mfukoni, na kitambaa hakikurudi kuwa cheupe tena.

Hakuificha chupa. Alipita nayo katikati ya ua, wafanyakazi wakiwa wametoka mapumzikoni, mkono mbele kama amebeba taa. Watu wakampisha. Mmoja akanong'ona, "Saa Kumi na Mbili leo amepotea njia." Hakuna aliyecheka.

Katika chumba cha mikutano walikuwamo meneja na mtathmini. Baba aliweka chupa mezani, pembeni yake akaweka ya asubuhi, akaweka kadi ya vivuli katikati. Ile ya asubuhi ilikuwa kivuli cha pili. Ile ya mchana haikuwa na kivuli. Kadi iliishia kabla yake.

"Zote mbili ni za kwetu," akasema. "Karatasi yenu nitaisaini mkiongeza hii. Ya asubuhi peke yake, mkono wangu haupandi."

Meneja akafunika uso kwa viganja.

Tulipata daraja la tatu. Sitakudanganya kwamba watu walimpigia baba makofi. Kwa wiki mbili alikula chakula chake kibandani peke yake, na mtu mmoja wa idara ya rangi alinipita kwenye korido akisema kwa sauti ya kusikika kwamba wazee wengine hustaafu na riziki za wenzao. Nilimjibu vibaya na sijutii. Lakini mtathmini aliandika mambo mawili katika ripoti yake. Kwanza, kwamba kiwanda chenye mtu anayeleta chupa kama ile mwenyewe kinaweza kurekebishwa, kwa hiyo mnunuzi ashauriwe kusubiri miezi sita kabla ya kukataa. Pili, chini ya safu ya jamii, ambako kulikuwa na nafasi ya kipimo kimoja cha kufuatiliwa kila mwaka, alijaza: saa ambayo wakazi wa mtaa wa chini huacha kufua.

Mnunuzi alikubali kusubiri. Shimo jipya limeanza kuchimbwa. Jana lilikuwa na kina cha mtu mmoja na nusu. Watu kumi na wawili wa idara ya rangi wamepumzishwa hadi litakapokamilika, na aliyejifungua ni mmoja wao. Nampelekea unga kila Ijumaa, nikibisha hodi na kutazama chini.

Siku zake za mwisho kazini baba alizitumia kibandani, kabati likiwa wazi. Nilidhani anaaga. Nilipoingia nilimkuta na kalamu ya wino mzito, amepanga daftari zote mezani, anaandika juu ya jalada la kila moja, kwa mwandiko wake uleule ulionyooka, maneno mawili: Asubuhi tu. Alikuwa amefika daftari la kumi na tano. Nilivuta kiti nikawa nampa moja moja, nikizipuliza wino ukauke.

Hakutaka sherehe, lakini kiwanda kilimpa cheti. Meneja alikileta nyumbani mwenyewe, kikiwa kwenye fremu ya kioo, akaketi barazani, akanywa chai ya mama mpaka mwisho. Kwenye cheti kulikuwa kumeandikwa kwa herufi za dhahabu kwamba mwenye jina hilo amepima maji ya kiwanda kwa uaminifu kwa miaka ishirini na miwili. Baba alikisoma taratibu. Akaomba bisibisi, akafungua fremu, akatoa karatasi, akaomba na kalamu.

Baba akaandika chini ya herufi za dhahabu, akairudisha karatasi, akakaza skrubu zote nne, akampa mama.

Mama alisoma maneno yale mawili. Hakutania. Alichukua msumari na jiwe, akaitundika fremu sebuleni, mkabala na mlango, mahali ambapo kila mgeni lazima aione, na wa kwanza kuitwa kuja kuiona walikuwa wale wanawake kumi na moja.